Mikanda ya mjomba: kutengeneza video za magarimoshi bila kuharibu mwendo wake

*"Mtaalamu, pokea salamu. Marehemu mjomba alipenda sana magarimoshi, na ameniachia sanduku la mikanda ya filamu aliyopiga miaka ya 1950 na 1960. Mingi ni ya milimita 8, michache ya milimita 16, na yote haina sauti. Nataka kuitoa kama mfululizo wa video mtandaoni. Nilijaribu kuionyesha ukutani kwa projekta yake na kurekodi kwa simu, lakini picha inapepesa na treni zinakimbia kupita kiasi. Rafiki yangu anashauri niingize faili kwenye programu ya akili mnemba ili ikuze picha hadi 4K, itie rangi na ilainishe mwendo uwe wa fremu 60 kwa sekunde, kisha nibandike sauti ya treni kutoka intaneti. Kopo moja linanuka siki. Nikishahamisha picha naweza kuitupa mikanda? Na kwa kuwa sasa ni yangu, kuna mtu anaweza kunidai?"*

Ndugu yangu, pole kwa kuondokewa na mjomba. Umeuliza mengi kwa mara moja, lakini nikikusoma vizuri naona mambo mawili yanakusumbua: usije ukaiharibu kazi yake, na video ziwe za kumfanya mtu akae atazame. Mambo hayo hayagombani sana kama rafiki yako anavyodhani. Garimoshi la mvuke ni mashine inayofanya kazi yake hadharani. Fito za chuma zinazounganisha magurudumu unaziona zikizunguka, pistoni unaiona ikisukuma, na mvuke unatoka dohanini kwa mapigo yanayohesabika. Watazamaji unaowalenga wanajua kuyasoma hayo yote. Kwa hiyo kila hatua ninayokushauri hapa naipima kwa swali moja: je, fito, mvuke na mapigo bado vinasema kilichotokea siku ile?

Kwanza kabisa, izime hiyo projekta. Filamu ya zamani husinyaa kadiri miaka inavyokwenda. Ikisinyaa, umbali kati ya tundu na tundu unapungua, ilhali meno ya projekta yamebaki vilevile, basi yanachana matundu moja baada ya jingine. Mkanda uliosinyaa kwa takriban asilimia 1 tu tayari una hatari ndani ya mashine ya meno. Ongeza joto la taa, na viungo vya gundi vilivyokauka, uone jinsi dakika nne za burudani zinavyoweza kukugharimu mkanda mzima.

Kupepesa kunatokana na shata ya projekta, ambayo hukata mwanga mara kadhaa kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya mkanda. Projekta ya fremu 16 kwa sekunde yenye shata ya mabawa matatu inamulika ukuta mara 48 kwa sekunde, huku simu yako ikichukua picha 30. Midundo hiyo miwili haikutani. Picha moja ya simu inapata mwanga mara mbili, inayofuata inapata mara moja na nusu, na nyingine inabeba fremu mbili za filamu zilizochanganyika. Ukishafika hapo hakuna programu itakayozitenganisha kwa uaminifu, kwa sababu fremu safi haikurekodiwa popote. Kwa hiyo usipoteze muda kurekebisha yale uliyorekodi ukutani. Yatumie kama orodha ya kujua mkanda gani una nini, basi.

Dawa ni skana inayopiga picha ya kila fremu peke yake, na inayopitisha mkanda kwa roli laini zisizo na meno. Filamu ya milimita 8 ya kawaida ina eneo dogo mno la picha. Ya milimita 16 ina eneo zaidi ya mara nne ya hiyo, na ndiyo maana hiyo michache inaweza kuwa hazina kuu ya sanduku lako. Kwa milimita 8, skani ya 2K (picha yenye upana wa nukta 2,000 hivi) inatosha kabisa. Kwa milimita 16 ningelipia 4K kama uwezo upo, hasa kama mjomba alitumia kamera yenye lenzi nzuri na miguu mitatu.

Waambie watu wa skana mambo haya bila kuona haya. Unataka fremu moja ya filamu iwe fremu moja ya faili. Unataka waskani hadi nje ya mpaka wa picha, matundu ya pembeni yaonekane. Unataka kila kitu cha kusafisha chembe (nukta ndogo zinazounda picha ya filamu), kunoa na kurekebisha rangi kizimwe. Na unataka faili nzito, ama mfululizo wa picha za TIFF au DPX, ama video ya ProRes 422 HQ, sio MP4 iliyobanwa tayari kwa kupakia. Picha itakayokuja itaonekana imepauka na haina mvuto. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Kichwa cha treni cheusi kilichofunikwa na mvuke mweupe juani ni mtihani mgumu kwa kamera yoyote. Skani iliyopauka imehifadhi mikunjo ya mvuke na rivet za boila kwa pamoja, na utachagua mwenyewe baadaye. Iliyokolezwa mapema imekuchagulia, na mvuke uliogeuka doa jeupe tupu haurudi.

Sasa tuingie kwenye mbio za treni zako, maana hapa ndipo video nyingi za aina hii zinapoharibikia. Kamera za milimita 8 za kawaida zilikuwa zikipiga fremu 16 kwa sekunde. Super 8, aina mpya ya milimita 8 iliyoingia sokoni mwaka 1965, ilitumia 18. Milimita 16 isiyo na sauti inaweza kuwa 16, 18 au hata 24. Ukichukua fremu 16 ukazichezesha kwa 24, mwendo unaongezeka mara moja na nusu: treni iliyokuwa ikipanda kilima kwa kilomita 40 kwa saa inapita kwa 60, na wapiga debe wa stesheni wanatembea kama wamewashwa na upupu.

Usikisie kasi, ihesabu. Njia ya kwanza ni watu. Mtu mzima anayetembea kawaida hupiga karibu hatua 2 kwa sekunde, au pungufu kidogo. Tafuta mtu anayevuka jukwaa, uhesabu fremu kutoka mguu mmoja unapogusa chini hadi wa pili. Ukipata fremu 8 au 9, mkanda ulipigwa kwa 16. Ukipata kama 10, ni 18. Ukipata 12 au 13, ni 24. Hesabu watu kadhaa, maana mmoja anaweza kuwa anawahi treni.

Njia ya pili ni magurudumu yenyewe. Vipimo vya magurudumu ya aina nyingi za vichwa vya treni vinajulikana. Chukua gurudumu la kipenyo cha mita 1.8, ambalo mzunguko wake ni karibu mita 5.65. Ufuate ufito mpaka urudi pale ulipoanzia. Tuseme umechukua fremu 12. Kama kamera ilikuwa ya 16, treni ilikwenda karibu kilomita 27 kwa saa, na kama ilikuwa ya 24, karibu 41. Halafu jiulize: treni ile ya mizigo, kwenye mwinuko ule, na moshi ule mzito, ingekwenda 41? Fuata ufito, usifuate vipande vya ndani ya gurudumu, kwani hivyo hudanganya macho na kuonekana vikirudi nyuma. Na kumbuka kwamba kamera nyingi za enzi hizo ziliendeshwa kwa springi ya kujaza kwa ufunguo, ambayo ilipungua nguvu mwishoni. Kipande kimoja kinaweza kuanza kwa 16 na kuisha chini ya hapo.

Ukishapata kasi, faili yako kuu ibaki na fremu zake za asili, bila kuongezwa hata moja. Nakala ya kutazamwa ndiyo unayoigeuza. Fremu 16 zinaingia ndani ya 24 kwa kurudia kila fremu ya pili mara moja, na 18 zinaingia ndani ya 24 kwa kurudia kila ya tatu. Kutakuwa na mtikisiko mdogo kwenye mwendo. Mimi naupendelea kuliko kinachofuata.

Kinachofuata ni ushauri wa rafiki yako. Hakukutakia mabaya, na programu hizo zina mahali pake, lakini tazama zinavyofanya kazi. Kulainisha mwendo hadi fremu 60 maana yake ni kubuni fremu ambazo kamera haikuzipiga, kwa kukisia kila kitu kilikuwa wapi katikati ya fremu mbili za kweli. Jengo likisogea kidogo, makisio hayo ni sahihi. Sasa chukua gurudumu letu la mita 1.8 kwa kilomita 60 kwa saa: linazunguka karibu mara 3 kila sekunde. Kwa fremu 18, kila mzunguko una fremu 6 tu, yaani ufito unaruka nyuzi 60 kutoka fremu hadi fremu. Programu haijui kwamba chuma hakipindi wala kwamba ufito ule hubaki mlalo wakati wote. Inachora njia fupi kati ya pointi mbili, na matokeo yake ni fito zinazoyeyuka, zinazokatika, zinazopita ndani ya gurudumu. Mtazamaji wa kawaida ataona picha laini. Mtu aliyewahi kuendesha au kutengeneza garimoshi ataona uongo kabla hajamaliza sekunde ya kwanza, na huyo ndiye mtazamaji atakayekuandikia kukwambia kichwa kile kilikuwa cha namba gani.

Usafishaji wa vumbi una mtego wa jinsi hiyohiyo. Programu inatafuta kitu kinachoonekana kwenye fremu moja na kutoweka kwenye inayofuata, inakifuta. Vumbi liko hivyo. Cheche za tanuru, matone ya mvua, vipande vya mvuke vinavyovunjika pembeni na ndege wanaoruka kwa kushtushwa na honi pia wako hivyo. Tumia kiwango cha chini kabisa, kisha tazama matokeo fremu kwa fremu pale ambapo mvuke ni mwingi. Kupunguza chembe nako hugeuza mvuke kuwa pamba isiyo na mikunjo.

Kutuliza picha inayotikisika, hilo nakuunga mkono kwa moyo wote, mradi ulifanye kwa kufuata matundu ya pembeni na sio kwa kufuata picha. Ndiyo maana niliomba matundu yaskaniwe. Mkanda hucheza kidogo ndani ya mashine, na ukilishikilia tundu mahali pamoja, mchezo huo unaisha. Ukiiachia programu ichague yenyewe cha kushikilia, mara nyingi itashikilia treni, kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko vyote kwenye fremu, na stesheni ndiyo itakayoanza kuyumba. Mtikisiko uliobaki baada ya hapo ni wa mkono wa mjomba. Uache.

Kuhusu rangi: usitie rangi mikanda nyeusi na nyeupe. Rangi za vichwa vya treni na mabehewa ni habari, zilibadilika kwa kampuni na kwa mwaka, na programu inayopaka kijani kwa kubahatisha inaandika historia isiyokuwepo. Mikanda ya rangi ina hadithi tofauti. Kama ni Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak iliyoanza kuuzwa mwaka 1935 kwa milimita 16 na mwaka uliofuata kwa milimita 8, na kama imekaa gizani, huenda rangi zake ziko vizuri kushangaza, hivyo rekebisha mwanga kidogo tu. Kama ni nakala iliyogeuka nyekundu-waridi, rangi ya samawati imefifia ndani ya filamu yenyewe. Sehemu yake inaweza kuvutwa tena, lakini haitarudi yote. Na umbo la picha liache lilivyo, 4 kwa 3, pembeni pawe peusi. Ukilitanua, magurudumu yanakuwa mayai. Ukilikata lijaze skrini, unakata dohani juu au reli chini.

Sauti ni jambo ninalopenda kulizungumzia, kwa sababu ukimya wa mikanda hii una sababu zake. Super 8 yenye sauti ya papo kwa papo ilikuja mwaka 1973. Kwenye reli kuu za Uingereza, kwa mfano, huduma za kawaida za magarimoshi ya mvuke zilikuwa zimekoma tangu Agosti 1968. Wapenzi wengi walirekodi kuaga kwao kwa kamera zisizosikia. Kuweka sauti baadaye si dhambi, ila iwe na utaratibu.

Kichwa cha silinda mbili hutoa mapigo 4 ya mvuke kwa kila mzunguko wa gurudumu, kwa kuwa kila pistoni inasukumwa pande zote mbili. Cha silinda tatu, kwa kawaida, hutoa 6. Gurudumu letu kwa kilomita 60 kwa saa linatoa karibu mapigo 12 kwa sekunde, na kwa 30 linatoa 6. Ukichukua sauti yoyote ya intaneti ukaibandika, utakuwa na treni inayopumua kwa kasi isiyo ya miguu yake, na sikio hugundua upesi hata kama mtu hajui kueleza kinachomsumbua. Tafuta sauti ya kichwa cha aina ileile au walau cha idadi ileile ya silinda, uipange pigo kwa pigo na moshi unaotoka. Kuna jambo moja dogo linaloleta uhai: sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Treni iliyo mbali kiasi hicho, mvuke wa honi unaonekana sekunde nzima kabla ya honi kusikika. Ukiwahi kusimama kando ya reli unalijua hilo mwilini. Kisha andika kwenye video, mwanzoni na waziwazi, kwamba sauti imeongezwa. Na usiogope kuacha baadhi ya vipande kimya, au na maelezo ya mtu aliyemjua mjomba. Muziki mfululizo dakika ishirini unachosha.

Katika uhariri, acha vipande virefu. Mtazamaji wa treni anataka behewa la mwisho lipite. Usiunganishe vichwa viwili tofauti kana kwamba ni treni moja, na hakikisha mkanda haukuskaniwa kinyume: soma namba za ubavuni, zikisomeka kama kwenye kioo, geuza picha. Kwa tarehe, usitegemee kumbukumbu za familia peke yake. Filamu za Kodak zina alama ndogo za maumbo ukingoni zinazoonyesha mwaka filamu ilipotengenezwa. Alama hizo hujirudia kila miaka 20, kwa hiyo zinakupa miaka miwili au mitatu ya kuchagua, na namba ya kichwa cha treni itakusaidia kuamua. Mwaka wa kutengenezwa si lazima uwe wa kupigwa, na nakala inaweza kubeba alama ya mkanda mama. Usichokijua usikiandike kama unakijua. Waulize watazamaji, watakujibu.

Mikanda usiitupe, hata baada ya skani bora. Skana zinaboreka, faili hupotea, na mkanda uliotunzwa mahali pa baridi na pakavu unaweza kuishi kuliko diski yoyote utakayonunua. Faili nazo ziwe na nakala zaidi ya moja, katika nyumba tofauti.

Kopo linalonuka siki litoe sandukuni leo. Harufu hiyo ni asidi inayotoka kwenye asetati, yaani plastiki ya mkanda, inapovunjika, na asidi hiyohiyo huharakisha uharibifu wenyewe. Ikifungiwa kwenye kopo lisilopitisha hewa inautafuna mkanda zaidi, na ikikaa na mikanda mingine inaiambukiza. Liweke peke yake, mahali penye ubaridi na hewa, na liwe la kwanza kwenda kwenye skana, kwa sababu mkanda huo utaendelea kusinyaa na kukakamaa. Usijaribu kuufungua kwa nguvu kama tabaka zimegandana, wala kuusafisha kwa kemikali. Ukiona ukungu, mkanda unaovunjika ukiukunja, au poda juu yake, acha, mtafute mtu wa hifadhi ya filamu aushike kwa mikono yake. Na kama chini ya sanduku utakuta mkanda mpana wa milimita 35 wa kabla ya miaka ya 1950, usiupitishe kwenye projekta wala usiuweke karibu na joto. Unaweza kuwa wa nitrati, aina ya zamani ya filamu ambayo huwaka kwa ukali na haizimiki kirahisi. Milimita 8 haina hatari hiyo.

Kuhusu kudaiwa: kurithi mkanda si lazima kuwe kurithi hakimiliki. Kama mjomba ndiye aliyepiga, haki zake kwa kawaida zimekwenda kwa warithi wake, na inawezekana wewe ni mmoja kati ya kadhaa. Pata barua fupi iliyosainiwa na wenzako kabla ya kupakia chochote, hasa kama video zitaingiza pesa. Angalia pia kama baadhi ya mikanda ni nakala zilizouzwa madukani au alizopewa na rafiki, maana hizo hakimiliki yake iko kwingine. Sauti na muziki wa intaneti navyo vina wenyewe. Familia ikiwa na mvutano, nenda kwa mwanasheria wa nchi yako, kwa kuwa muda wa ulinzi hutofautiana.

Kabla ya kukabidhi sanduku zima, peleka mkanda mmoja mzima wa majaribio usio na thamani kubwa. Kigurudumu cha futi 50 cha milimita 8 ya kawaida kina karibu fremu 4,000, na cha Super 8 kina karibu 3,600. Faili ikirudi, angalia idadi ya fremu zake. Ikiwa ya Super 8 ina 4,800 au 5,000, wameingiza fremu za kurudia ili kufikisha 24 au 25 kwa sekunde, hata kama walikuahidi vingine. Waombe warudie mbele yako, au mchukue mjomba umpeleke kwingine.